Somo: Namna ya kumfuatilia mwajiri au wakala wa ajira aliyekaa kimya baada ya usaili

Mwezi huu peke yake nimeulizwa swali hili mara tisa, na mara zote tisa nimeandika jibu lile lile: nilifanya usaili, waliniambia watanipigia, wiki zimepita, nifanyeje. Naliandika sasa kwa ukamilifu, na kuanzia leo atakayeniuliza nitamwelekeza hapa. Nilitafuta kazi jijini Dar es Salaam kwa miezi 14 nikiwa na shahada ya ununuzi na ugavi, kisha nikafanya kazi miaka 6 katika ofisi ya rasilimali watu ya kampuni binafsi, ambako mimi ndiye niliyekuwa napokea maombi na kuita watu kwenye usaili. Ninayoyaandika nimeyaona nikiwa mwombaji, na nimeyaona pia nikiwa yule ambaye hajibu.

Hatua ya 1: Tambua ni nani aliyekaa kimya.

Watu wengi huruka hatua hii, wakamwandikia kila mtu ujumbe wa namna moja. Ukimya wa serikali, ukimya wa wakala na ukimya wa kampuni yenyewe havitoki mahali pamoja.

Ikiwa uliomba kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, hakuna afisa atakayekupigia simu kukupa matokeo. Majina ya wanaoitwa kwenye usaili na ya wanaoitwa kazini hutangazwa kwenye tovuti yao, na asiyeona jina lake katika tangazo la kuitwa kazini anapaswa kuelewa kwamba safari hii hakupata. Wapo waliofaulu usaili wakakosa nafasi, majina yao yakabaki kwenye kanzidata, na huitwa nafasi inapopatikana. Kwa hiyo soma kila tangazo jipya la kada yako hata kama usaili wako ulikuwa wa zamani, na hakikisha namba ya simu iliyo kwenye akaunti yako ya Ajira Portal, yaani mfumo wao wa maombi mtandaoni, bado unaitumia.

Ikiwa ni wakala, kumbuka kwamba anayemlipa ni mwajiri, na mara nyingi hulipwa pale tu nafasi inapojazwa. Wakala hana la kukuambia mpaka mteja wake aseme, na mteja huyo huenda naye hapokei simu zake. Wakala akinyamaza wiki tatu, mara nyingi ni kwa sababu na yeye anangoja.

Ikiwa ni kampuni yenyewe, sababu niliyoiona mara nyingi kuliko zote ni hii: mtu wa kwanza amechaguliwa, amepewa barua ya ajira, lakini bado yuko kazini kwake. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mwajiriwa anayelipwa kwa mwezi hutakiwa kutoa notisi isiyopungua siku 28. Katika siku hizo zote kampuni haitamwambia mtu wa pili kwamba amekosa, kwa kuwa yule wa kwanza anaweza kubadili mawazo siku ya 20 baada ya mwajiri wake kumwongezea mshahara. Mtu wa pili anakaa mwezi mzima na zaidi bila neno, naye ndiye anayehitajika kuliko wote waliobaki. Ukiielewa hesabu hii, utaelewa kwa nini ninasisitiza hatua ya 5.

Hatua ya 2. Kabla hujatoka kwenye chumba cha usaili, uliza majibu yanatarajiwa lini na yatatolewa na nani, kisha iandike tarehe hiyo.

Hatua ya 3. Siku hiyo hiyo, au kesho yake asubuhi, tuma barua pepe fupi ya shukrani.

Hatua ya 4. Tarehe waliyokutajia ikipita, subiri siku 5 za kazi, usiandike kabla ya hapo. Kama hawakutaja tarehe, hesabu siku 10 za kazi tangu siku ya usaili.

Hatua ya 5: Ujumbe wa kufuatilia.

Hapa ndipo nilipoharibu, na ninaomba usome polepole. Mwaka 2013 nilifanyiwa usaili wa nafasi ya afisa ununuzi katika kampuni moja ya usafirishaji. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mmoja wao aliniuliza ningeweza kuanza kazi lini, jambo lililonifanya nitoke pale nikiwa na hakika kwamba nimepata. Baada ya siku nne nilituma barua pepe yenye kichwa “Habari ya kazi”, na ndani yake sentensi moja: “Naomba kujua kama kuna taarifa yoyote.” Kesho yake nikaituma tena. Ijumaa saa mbili usiku nikampigia afisa aliyeniita kwenye usaili, kwenye namba yake binafsi niliyoipata kwa rafiki, naye hakupokea. Jumatatu nikaandika mara ya tatu, nikimlalamikia kwamba si haki kumwacha mtu gizani, na nakala nikaipeleka kwa mkuu wa idara. Jibu lilikuja baada ya nusu saa, la mstari mmoja, kwamba watakaohitajika watajulishwa. Miezi kadhaa baadaye nilikutana msibani na mmoja wa wale wajumbe watatu. Aliniambia kwamba nilikuwa wa pili katika orodha, kwamba aliyekuwa wa kwanza aliikataa kazi katika wiki ya nne, na kwamba faili langu lilipowekwa mezani mkuu wa idara aliuliza, “Huyu si ndiye yule wa barua?” Wakamwita wa tatu. Jambo hilo liliniuma sana, na hadi leo nikimwona kijana anaandika ujumbe wa namna ile najisikia kumshika mkono.

Kosa halikuwa kufuatilia. Nilifuatilia kabla ya wakati, nikauliza swali lisilojibika kwa urahisi, nikamshtaki mtu kwa mkubwa wake. Fikiria afisa mwenye nafasi 11 zilizo wazi anayepokea swali la “kuna taarifa yoyote?” kutoka kwa mtu asiyetaja nafasi wala tarehe ya usaili. Ili ajibu, inambidi akutafute wewe ni nani, atafute nafasi gani, kisha amuulize mkuu wa idara imefikia wapi. Anaiacha akisema ataishughulikia mchana, na mchana huo haufiki. Ujumbe unaojibiwa ni ule ambao mtu anaweza kuujibu akiwa amesimama kwenye foleni ya chakula.

Huu hapa mfano, ubadilishe kulingana na hali yako, na uuandike kwa lugha iliyotumika kwenye tangazo la kazi:

*Kichwa: Ufuatiliaji wa usaili wa 12 Machi, nafasi ya Afisa Ununuzi – (jina lako kamili)*

*Ndugu (jina), nashukuru kwa usaili wa tarehe 12 Machi. Tulielezwa kwamba majibu yangetolewa kufikia tarehe 26 Machi. Naomba kujua iwapo mchakato bado unaendelea na kama imepangwa tarehe nyingine. Bado ninaihitaji nafasi hii, na ninapatikana kwa simu siku za kazi kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni. Iwapo nafasi imeshajazwa, nitashukuru kujulishwa hata kwa neno moja.*

Sentensi ya mwisho usiifute. Maafisa wengi hunyamaza kwa sababu wanaona aibu kutoa habari mbaya, na sentensi hiyo inawapa ruhusa ya kuitoa.

Tahadhari za hatua hii ni hizi. Jibu ndani ya barua pepe ile ile waliyokuitia kwenye usaili, usianzishe nyingine, ili mazungumzo yote yawe mahali pamoja. Usimpelekee nakala mkubwa wake kwa sababu yoyote ile. Usitumie WhatsApp isipokuwa yeye ndiye aliyeanza kukuandikia huko, na usizipe maana tiki mbili za buluu, kwa sababu zinaonyesha tu kwamba ujumbe umefunguliwa. Usitaje kodi ya nyumba wala ada za watoto. Najua ni mizigo ya kweli, nami niliibeba, lakini afisa hana uwezo wa kukupa kazi kwa ajili hiyo, na kwa kuwa hana la kusema ataukwepa ujumbe wako wote. Na usidai kwamba una ofa kwingine ilhali huna. Wapo watakaokutakia kheri na huko ulikopata, na mlango ukafungwa.

Hatua ya 6. Zikipita siku 7 za kazi bila jibu, piga simu mara moja tu, kwenye namba ya ofisi, kati ya saa 4 asubuhi na saa 6 mchana. Taja jina lako, nafasi na tarehe ya usaili kabla hujauliza chochote.

Hatua ya 7. Simu nayo isipozaa jibu, andika kwenye daftari lako kwamba ombi hilo limekwisha, na usiandike tena. Wakikupigia baada ya miezi miwili, utapokea kwa furaha. Nasema daftari kwa maana halisi: mimi nilitumia kaunta buku yenye safu za tarehe ya kuomba, nafasi, jina la aliyewasiliana nami, tarehe waliyoahidi, na tarehe niliyofuatilia. Bila daftari utajikuta unamwandikia mtu mmoja mara nne huku mwingine ukiwa hujamwandikia hata mara moja. Na katika muda huu wote endelea kuomba kwingine. Usaili mmoja mzuri usikusimamishe hata kwa siku moja.

Maswali yaulizwe hapa chini.

MASWALI YA WANACHAMA

Kijana wa Mabibo: Mkuu, sijasoma yote ila nina wiki mbili tangu usaili na afisa hajibu. Nifanyeje?

Mwandishi: Hatua ya 4 na ya 5. Majibu yako yamo humo yote.

Kijana wa Mabibo: Nimesoma. Je, naweza kutuma kila Jumatatu hadi wajibu?

Mwandishi: Hapana. Ujumbe mmoja, simu moja, basi.

Binti Tabora: Shikamoo. Ninalo swali ambalo sikuliona kwenye somo. Kampuni A ilinifanyia usaili wiki tatu zilizopita na ndiyo ninayoitaka kwa moyo wangu wote. Jana kampuni B imenipa barua ya ajira na kunitaka nijibu ifikapo Ijumaa. Je, nikiwaambia A nitaonekana ninawatisha? Na je, ni haki kwa B kuomba muda?

Mwandishi: Marahaba, dada. Hili ni swali zuri, na lilistahili kuwa hatua yake yenyewe. Ofa ya kweli yenye tarehe ndiyo sababu pekee ninayoikubali ya kumwandikia mtu nje ya ratiba niliyoitoa. Waandikie A leo asubuhi, si Alhamisi jioni, kwa sababu afisa atahitaji siku mbili za kumpata mkuu wa idara na mwenye kuidhinisha mshahara. Eleza mambo matatu tu: kwamba umepata ofa inayohitaji jibu Ijumaa, kwamba chaguo lako la kwanza ni wao, na kwamba unaomba kujua kama wanaweza kukuambia msimamo wao kufikia Alhamisi mchana. Usitaje mshahara wala jina la B. Nilipokuwa ofisini tulipokea ujumbe wa namna hiyo mara chache, na haukutuudhi. Ulitusaidia kumsukuma mkuu wa idara aliyekuwa amelikalia jambo kwa wiki nzima.

Kwa B, ni haki kabisa kuomba muda, lakini omba kwa kutaja siku: “Naomba kujibu ifikapo Jumatano ijayo.” Ukisema “naomba muda kidogo” utawatia wasiwasi bure. Na A wasipojibu hadi Alhamisi, ichukue kazi ya B bila majuto. Kampuni inayokutaka hupata dakika tano za kukupigia unapoiambia kwamba utaondoka.

Binti Tabora: Nimewaandikia asubuhi hii. Ahsante sana.

Mpingo Mkavu: Kwa mtazamo wangu somo hili linawatetea maafisa. Mtu anatoka Kibaha saa kumi na moja alfajiri, analipa nauli, anakaa mapokezi kwa muda wa saa tatu, halafu wanashindwa kumwandikia mstari mmoja. Hilo ni dharau, na wewe unatufundisha adabu sisi badala yao.

Mwandishi: Ni dharau, na sikuandika popote kwamba si dharau. Kila aliyefika kwenye usaili anastahili jibu. Nilipokuwa na mamlaka hayo nilihakikisha wote waliofika mbele ya jopo wanaandikiwa, na nilibishana na wakubwa wangu kuhusu hilo zaidi ya mara moja. Lakini somo hili linasomwa na mwombaji, na mwombaji hana mkono wa kumrekebisha afisa. Nimeandika yale ambayo mwombaji anaweza kuyafanya kesho asubuhi.

Jirani wa Likoni: Huku kwetu Mombasa tangazo huandikwa kabisa kwamba watakaochaguliwa tu ndio watakaojulishwa. Je, kufuatilia ombi la namna hiyo si kupoteza muda? Sijaitwa hata kwenye mahojiano.

Mwandishi: Ndugu, kama hujaitwa kwenye mahojiano, tangazo hilo limekwisha kukujibu, na ufuatiliaji wa aina hii haukuhusu. Somo ni la aliyeitwa. Ila hakikisha jambo moja: fungua kikasha cha barua taka kila jioni. Barua za kuitwa zinazotumwa na mifumo ya kompyuta kwa watu wengi kwa pamoja huangukia huko mara nyingi, na nimeshuhudia watu wakikosa usaili kwa sababu hiyo.

Mwalimu Hesabu: Nashukuru kwa maelezo ya siku 28, sasa nimeelewa kitu kilichonisumbua kwa mwaka mzima. Swali langu: je, kuna miezi ambayo ukimya ni mrefu kuliko mingine?

Mwandishi: Ipo, na ninafurahi umeuliza. Mashirika yanayofuata mwaka wa fedha wa serikali, unaoanza tarehe 1 Julai na kuishia tarehe 30 Juni, huanza bajeti mpya Julai. Usaili wa Mei unaweza kukaa hadi Agosti kwa sababu fungu la mshahara lilikuwa bado halijapita. Kampuni binafsi nyingi hufunga hesabu Desemba, na kuanzia katikati ya mwezi huo hadi wiki ya pili ya Januari waidhinishaji huwa likizo. Usaili wako ukiangukia hapo, ongeza wiki mbili kwenye hesabu zangu. Mwezi wa Ramadhani ofisi nyingi za pwani na Zanzibar hufupisha saa za kazi, kwa hiyo simu ya hatua ya 6 ipige mapema.

Fundi Takwimu: Niliacha wasifu wangu kwa wakala miaka mitatu iliyopita. Hakuwahi kunijibu, lakini juzi nimepigiwa na mtu nisiyemjua akiwa na wasifu huo huo wenye anwani ya zamani. Je, ninaweza kumtaka aufute?

Mwandishi: Unaweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakupa haki ya kujua taarifa zako zinazoshikiliwa, na haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Kenya wana sheria yao ya mwaka 2019. Mwandikie wakala kwa barua pepe, si kwa simu, ukitaja tarehe uliyompa wasifu na unachotaka kifanyike, na uhifadhi nakala. Akikaidi, malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Na kwa wote: msiweke namba ya kitambulisho cha NIDA kwenye wasifu. Itaombwa wakati wa ajira.

Mama Nasri: Mdogo wangu ameahidiwa kazi za ndani Oman. Wakala alichukua laki tatu za “kufungua faili” pamoja na pasipoti, sasa yapata wiki tano simu haipokelewi. Atumie ujumbe wa hatua ya 5?

Mwandishi: Hapana, dada yangu, na naomba usikawie. Hapa hakuna tena suala la kusubiri mchakato. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unaweka kanuni kwamba wakala binafsi wa ajira hapaswi kumtoza mtafuta kazi. Na pasipoti halisi haipaswi kukaa kwa mtu mwingine. Nendeni kituo cha polisi mkatoe taarifa ya fedha na pasipoti, mkiwa na risiti ya muamala wa simu na picha za mazungumzo yote. Kisha nendeni ofisi ya kazi ya mkoa mkaulize kama wakala huyo ana leseni, na Uhamiaji mkaeleze kwamba pasipoti iko mikononi mwa mtu asiyepatikana. Ujumbe wowote wa utapeli aliomtumia kwa simu usambazeni kwenda namba 15040. Mwambie mdogo wako asitume tena hata shilingi moja, hata wakisema viza imetoka.

Mama Nasri: Tunaenda kesho asubuhi. Mungu akulipe.

Zawadi ya Kagera: Nilimfuatilia afisa kama ulivyoandika, akajibu kwamba nafasi imejazwa. Je, ninaweza kumuuliza nilipungukiwa na nini?

Mwandishi: Muulize, lakini si kwa maneno hayo, maana mtu aliyeulizwa kuhusu upungufu huogopa kwamba jibu lake litageuzwa kuwa malalamiko. Mshukuru kwanza kwa kukujibu, kisha mwulize ni ujuzi au uzoefu gani mmoja angependa kuuona kwako nafasi kama hiyo ikitangazwa tena. Mimi niliwajibu karibu wote walioniuliza hivyo, na wawili kati yao tuliwaita mwaka uliofuata kwa sababu majina yao yalikuwa yamenikaa kichwani.

Kijana wa Mabibo: Nimepigiwa leo mchana na namba inayoanza na 022, sikupokea kwa sababu siifahamu. Nikipiga inaita tu.

Mwandishi: Hiyo ni simu ya mezani ya hapa Dar es Salaam, na huenda ndiyo ofisi uliyokuwa unaiulizia. Namba unayoiona mara nyingi ni laini ya kutokea tu, kwa hiyo haitapokelewa. Tafuta namba ya mapokezi kwenye barua waliyokuitia, piga kesho saa 4 asubuhi, sema ulipigiwa leo ukashindwa kupokea, taja nafasi, na uombe kuunganishwa na ofisi ya rasilimali watu. Na leo jioni tuma barua pepe ya mistari miwili kuwaeleza hivyo hivyo, ndani ya mazungumzo yale yale.